Kuhamia nchi nyingine na mwenza wako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wawili wanapohama nchi pamoja, mara nyingi mmoja ndiye mwenye kazi, masomo au uraia uliofungua mlango, na mwingine anaingia kwa mgongo wake. Humu tunamwita wa kwanza anayetangulia na wa pili anayefuata, hata kama wamepanda ndege moja. Majibu yameegemea upande wa anayefuata kwa makusudi: yeye ndiye anayeacha kazi yake, na karatasi zake ndizo zinazoning'inia kwenye za mwenzake. Kanuni za uhamiaji hubadilika, tena bila hodi. Kabla ya kulipa ada yoyote, soma tovuti rasmi ya idara ya uhamiaji ya nchi mnayokwenda.

## Kabla ya kuamua

1. Tuanzie wapi?

Anzeni na swali hili: anayefuata ataruhusiwa kufanya nini akishafika? Zipo nchi ambako atapata haki ya kufanya kazi siku ile ile anayopewa kibali cha kuishi, na zipo ambako atakaa miaka bila ruhusa ya kupokea mshahara. Jibu lake linabadilisha bajeti, aina ya viza mtakayoomba, na pengine uamuzi wenyewe wa kuhama.

Likishajulikana, endeleeni na viza ya kila mmoja, kisha nyaraka (huchukua muda kuliko wengi wanavyodhani, tazama swali la 13), kisha fedha. Mizigo ije mwisho. Wengi huanza na mizigo kwa sababu masanduku yanaonekana na hadhi ya kisheria haionekani.

2. Twende pamoja au mmoja atangulie?

Kutangulia kuna faida yake. Anayetangulia anapata nafasi ya kupima kazi mpya, kutafuta nyumba kwa macho yake na kuona kama mshahara unatosha kweli. Kazi ikivunjika katika kipindi cha majaribio, aliyebaki bado ana ajira na paa.

Hasara zake hazisemwi sana. Ombi la mwenza likipelekwa baadaye linaweza kudai ushahidi mpya wa kipato na makazi, na kanuni inaweza kubadilika katikati. Halafu kuna jambo la nyumbani: anayefuata anafika kwenye maisha yaliyokwisha kupangwa. Nyumba ilichaguliwa, marafiki ni wa mwenzake, hata kabati lina mpangilio wa mtu mwingine. Anaishi kama mgeni kwa muda, na wengine hawatoki katika ugeni huo. Mkiamua kutengana, wekeni tarehe ya kukutana, na yale yanayoweza kusubiri (samani, mtaa wa kudumu) yasubiri wote wawili wawepo.

3. Tukubaliane nini kabla ya kuondoka?

Mambo manne, na yaandikwe mahali hata kama ni kwenye simu. Tunakaa hadi lini kabla ya kujiuliza upya? Ni jambo gani likitokea tutarudi bila kulaumiana? Hatua ijayo ya kazi itakuwa ya nani? Na anayefuata asipopata kazi kwa mwaka mzima, matumizi yake binafsi yatatoka wapi, bila ya yeye kuomba?

Hilo la nne ndilo wapenzi wengi huliruka kwa aibu. Mtu aliyezoea mshahara wake akianza kuomba hela ya nauli, upendo unapata kazi ya ziada. Kiasi fulani kiingie kwake kila mwezi, kwa utaratibu.

4. Mwajiri amesema atagharimia kuhama kwetu. Tuulize nini?

"Kugharimia kuhama" kunaweza kuwa tiketi moja au kunaweza kuwa kila kitu. Ulizeni kama kunahusisha ada ya viza ya mwenza, bima ya afya ya wote wawili, makazi ya wiki za mwanzo, masomo ya lugha kwa anayefuata, na tiketi za kurudi mkataba ukiisha. Ulizeni pia kama fedha hizo zitadaiwa mfanyakazi akiacha kazi mapema. Vipengele vya namna hiyo ni vya kawaida. Muda wa kuuliza ni kabla ya kutia saini.

5. Niache kazi lini?

Viza zikishatoka, za wote wawili. Barua ya kazi ya mwenzako si viza yako.

## Viza na uhusiano wenu

6. Lazima tuwe tumefunga ndoa?

Inategemea nchi. Kanada inamtambua mwenza asiye wa ndoa ikiwa mmeishi pamoja mfululizo kwa angalau miezi 12. Australia nayo kwa kawaida inataka miezi 12 ya uhusiano wa kinyumba. Uingereza inataka uhusiano unaofanana na ndoa uliodumu angalau miaka miwili, na tangu Januari 2024 haidai tena kwamba miaka hiyo yote muwe mmelala chini ya paa moja. Marekani ni ngumu zaidi: viza za kawaida za wategemezi ni za mume au mke wa ndoa, na mchumba wa raia ana viza yake maalumu (swali la 7).

Ndoa ya kidini au ya kimila ambayo haikuandikishwa serikalini ni chanzo kikubwa cha maombi kukwama. Kwa ofisa wa viza, anachokiona ni cheti. Kama ndoa yenu ni halali kwenu lakini haina cheti cha serikali, iandikisheni kwanza, kisha ndipo muanze mambo ya viza.

7. Tufunge ndoa kabla ya kuhama au huko huko?

Kabla, kama hamna sababu nzito ya kungoja. Viza ya mchumba ni hatua ya ziada yenye saa inayokimbia. Ile ya Marekani, K-1, inawapa siku 90 za kufunga ndoa baada ya mchumba kuingia, kisha ndipo mnaanza ombi jingine la ukaazi. Viza ya mchumba ya Uingereza haimruhusu mwenye nayo kufanya kazi mpaka afunge ndoa na kubadilisha hadhi.

Kwa wanaoingia Marekani kwa ndoa, umri wa ndoa nao una maana. Kama ndoa haijatimiza miaka miwili siku ya kupewa ukaazi, kadi inatolewa ya masharti, ya miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho kabla haijaisha, mume na mke wanaomba pamoja masharti yaondolewe. Tarehe hiyo iandikwe ukutani.

8. Tunathibitishaje kwamba uhusiano ni wa kweli?

Kwa karatasi za kuchosha, si kwa picha za harusi. Maofisa wanapenda ushahidi uliojitokeza wenyewe bila mtu kuupanga: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, bili za anwani moja, akaunti ya pamoja, mwenza kutajwa kwenye bima au kwenye fomu ya mafao, tiketi za safari mlizofanya pamoja, kumbukumbu za kutumiana fedha.

Wanaoishi mbalimbali wakusanye historia ya mawasiliano, lakini kwa kipimo. Kurasa chache za kila baada ya miezi kadhaa zinatosha. Marundo ya ujumbe wa usiku yanamchosha msomaji na kuwaanika bila sababu. Barua za ndugu na marafiki zinasaidia zikiwa na mambo mahususi: lini walikutana nanyi, wapi, walishuhudia nini. "Ninawafahamu, wanapendana sana" haina uzito.

9. Anayefuata ataruhusiwa kufanya kazi?

Hapa nchi zinatofautiana kuliko mahali pengine popote, na hata ndani ya nchi moja viza mbili zinaweza kupingana. Marekani ni mfano mzuri. Mwenza wa mfanyakazi aliyehamishwa na kampuni yake (hadhi ya L-2) ana haki ya kazi inayotokana na hadhi yake moja kwa moja. Mwenza wa mwenye H-1B, viza ya kazi za ujuzi maalumu (hadhi ya H-4), anaweza kuomba kibali cha kazi katika hali fulani tu, hasa pale mwenzake anapokuwa ameshapiga hatua kwenye safari ya ukaazi wa kudumu. Mwenza wa mwanafunzi wa F-1 haruhusiwi kufanya kazi kabisa.

Ujerumani iko upande mwingine: mwenza aliyeingia kwa kuungana na familia kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi tangu apate kibali. Uingereza nayo inamruhusu mwenza wa mfanyakazi mwenye viza ya ujuzi, isipokuwa kazi chache kama za uanamichezo wa kulipwa.

Kwa hiyo anayetangulia akiwa na nafasi ya kuchagua kati ya njia mbili za kuingia, achague ile inayompa mwenzake kazi, hata kama ina ada kubwa kidogo. Na kazi ya mtandaoni kwa mwajiri wa nchi mlikotoka isichukuliwe kuwa haihesabiki. Nchi nyingi huangalia mahali mwili ulipo unapofanya kazi, si mahali mshahara unakotoka.

10. Ninakwenda kusoma. Naweza kwenda na mwenza wangu?

Milango hii imebanwa sana miaka ya karibuni. Uingereza, kwa kozi zilizoanza Januari 2024 na kuendelea, wategemezi wanaruhusiwa tu kwa wanafunzi wa shahada za utafiti, kama ya uzamivu, na wale wenye ufadhili fulani wa serikali. Kanada, tangu tarehe 21 Januari 2025, kibali huria cha kazi (kisichomfunga mtu kwa mwajiri mmoja) kwa mwenza wa mwanafunzi kimebaki kwa shahada za uzamivu, za uzamili zenye urefu wa miezi 16 au zaidi, na baadhi ya fani maalumu. Jambo kama hilo limewakuta wauguzaji wa majumbani: tangu Machi 11, 2024 waombaji wapya wa viza ya kazi hiyo Uingereza hawakuruhusiwa tena kuambatana na mwenza wala watoto, na Julai 2025 njia yenyewe ikafungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi.

Yeyote anayekuambia "nenda tu, mwenzako atakuja baadaye" akuonyeshe ukurasa wa serikali unaosema hivyo.

11. Je, anayefuata anahitaji mtihani wa lugha?

Mara nyingi ndiyo, wa ngazi ya chini. Ujerumani inataka Kijerumani cha A1, ngazi ya kwanza kabisa, kabla ya kuingia, na wenza wa wenye Kadi ya Buluu ya Ulaya (kibali cha wafanyakazi wenye ujuzi wa juu) wamesamehewa. Uingereza inataka Kiingereza cha A1 kwa viza ya kwanza ya mwenza wa raia au mkaazi, kisha ngazi inapanda. Cheti kitoke kwenye kituo kinachotambuliwa na ubalozi. Cha shule ya mtaani hakipokelewi hata kama umefaulu vizuri. Lakini msisimame A1. Ngazi hiyo inatosha kujitambulisha, haitoshi kubishana na mwenye nyumba.

12. Tuingie kwa viza ya matembezi halafu tubadilishe tukiwa ndani?

Ni ushauri unaotolewa sana na watu ambao hawatakuwepo mambo yakiharibika. Uingereza hairuhusu mgeni wa matembezi kubadilisha kwenda viza ya mwenza akiwa ndani ya nchi. Australia huweka kwenye baadhi ya viza sharti namba 8503, linalomzuia mwenye viza kuomba viza nyingine nyingi akiwa ndani. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, linahesabu siku 90 ndani ya kila siku 180, na kutoka kisha kuingia tena hakuanzishi hesabu upya.

Kubwa zaidi ni udanganyifu. Ukimwambia ofisa wa mpakani unatembea wiki mbili huku sanduku lina vyeti vya shule na cheti cha ndoa, umesema uongo unaoandikwa. Uingereza inaweza kumfungia mlango mwombaji aliyedanganya kwa miaka 10. Marekani inaweza kumfungia maisha, na msamaha wake ni mgumu kupata. Hiyo ndiyo sababu nayo ya kutoficha kunyimwa viza kulikotangulia. Kunyimwa kunaelezeka, kuficha hakuelezeki.

## Nyaraka

13. Tuandae nyaraka gani, na apostili ni nini?

Vyeti vya kuzaliwa vya wote, cheti cha ndoa, hukumu za talaka au cheti cha kifo kama kulikuwa na ndoa ya awali, cheti cha tabia njema kutoka polisi, vyeti vya elimu, barua za uzoefu wa kazi, kadi za chanjo na leseni za udereva. Vya anayefuata visichukuliwe kuwa vya ziada. Vyeti vyake vya elimu na barua za waajiri wake ndivyo vitakavyompa kazi, na kuvifuatilia ukiwa mbali ni mateso.

Apostili ni muhuri unaothibitisha kwamba sahihi na cheo kwenye hati ya serikali ni vya kweli. Ulianzishwa na Mkataba wa Hague wa mwaka 1961. Hati ikitoka nchi mwanachama kwenda nchi mwanachama, muhuri huo mmoja kwa kawaida unatosha. Kama mojawapo si mwanachama, mnarudi kwenye mlolongo wa zamani: ofisi iliyotoa hati, wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Orodha ya wanachama inaongezeka: China iliingia Novemba 2023 na Kanada Januari 2024. Angalieni ilivyo leo.

Apostili haithibitishi kwamba yaliyoandikwa ni kweli, na haiondoi haja ya tafsiri. Ulizeni kwanza kama mtafsiri lazima awe ameidhinishwa na nchi mnayokwenda, na kama apostili yenyewe nayo itafsiriwe. Mkikosea mpangilio mnalipa mara mbili.

14. Majina yangu hayafanani kwenye hati zote. Ni tatizo?

Ni tatizo la kawaida kabisa, na linatibika likishughulikiwa mapema. Majina matatu kwenye cheti na mawili kwenye pasipoti, herufi moja iliyopotea, jina la mume lililoongezwa kwenye hati moja tu. Chagueni pasipoti kuwa kipimo, rekebisheni zile zinazorekebishika, na kwa zilizobaki andaeni hati ya kiapo inayosema majina yote ni ya mtu mmoja. Kama anayefuata anafikiria kubadilisha jina baada ya ndoa, afanye hivyo kabla ya maombi yote au angoje hadi mambo yatulie. Katikati ya ombi ni wakati mbaya.

15. Pasipoti iwe imebakiza muda gani?

Nchi nyingi zinataka miezi sita. Schengen inataka miezi mitatu baada ya siku ya kutoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Kwa kuhama, muda mfupi kuliko miaka miwili ni usumbufu, maana kibali kinaweza kukatwa kifuate mwisho wa pasipoti.

## Fedha

16. Tuwe na akiba kiasi gani?

Hesabu huanza na mahitaji ya viza, nayo yanaweza kuruka ghafla. Kima cha kipato cha kumleta mwenza Uingereza kilikaa pauni 18,600 kwa mwaka tangu 2012, kisha Aprili 2024 kikapandishwa hadi 29,000. Waliokuwa wakijipanga kwa kiwango cha zamani walibaki nje kwa usiku mmoja.

Juu ya hapo ongezeni amana ya nyumba, kodi ya mwezi wa kwanza, bima, na miezi ya kuishi kwa mshahara mmoja, au bila mshahara kabisa kwa sababu malipo ya kwanza huchelewa. Kisha kuna fungu ambalo halipaswi kuguswa: nauli ya kurudi ya anayefuata, kwa jina lake, kwenye akaunti anayoifikia peke yake. Si kwa kutoaminiana. Ni kwa sababu msiba, ugonjwa wa mzazi au ugomvi havingoji mwisho wa mwezi.

17. Akaunti moja au mbili?

Tatu: yake, yako, na ya nyumba. Anayefuata akikaa miaka bila akaunti wala bili kwa jina lake, hana historia ya mikopo nchini humo, na bila hiyo hata kupanga nyumba peke yake ni kazi. Historia ya mikopo mliyoacha nyumbani kwa kawaida haivuki mpaka. Majina mawili kwenye mkataba wa nyumba na bili ya umeme pia yanawasaidia kwenye maombi ya baadaye (swali la 8).

18. Kodi na mafao ya uzeeni inakuwaje?

Nchi nyingi zinamhesabu mtu kuwa mkaazi wa kikodi akifikisha siku 183 kwa mwaka, lakini siku si kigezo pekee. Nchi mbili zikimdai mtu mmoja, mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili hutazama nyumba ya kudumu iko wapi, kisha maisha na mali vimeegemea wapi. Ndiyo maana mwenza aliyebaki nyumbani na watoto anaweza kuathiri kodi ya aliyetangulia. Marekani ina lake: raia wake na wenye kadi ya kijani wanatozwa kwa kipato cha dunia nzima, popote waishipo.

Mafao yanasahaulika zaidi. Ujerumani inataka michango ya angalau miaka 5 kabla ya kulipa pensheni ya uzeeni. Marekani inataka takriban miaka 10 ya kazi. Anayefuata asiyefanya kazi hachangii popote, na pengo hilo litaonekana miaka 30 baadaye, hata kama ndoa haipo tena. Angalieni kama mfuko wake wa nyumbani unapokea michango ya hiari, na kama nchi hizo mbili zina mkataba wa hifadhi ya jamii unaojumlisha vipindi vya michango.

## Mizigo, afya na wanyama

19. Tubebe nini?

Vichache kuliko mnavyofikiri. Vifaa vya umeme vya volti 230 havitafanya kazi vizuri Marekani na Kanada (120) wala Japani (100), isipokuwa chaja inayoandika 100-240. Mkisafirisha samani, ulizeni msamaha wa ushuru kwa vitu vilivyotumika: Umoja wa Ulaya unautoa kwa mtu aliyeishi nje ya Umoja angalau miezi 12, kwa vitu alivyovitumia angalau miezi 6, na vitu hivyo visiuzwe kwa mwaka mmoja. Hati zote halisi zikae kwenye mkoba wa mkononi, kila mmoja na zake.

20. Vipi afya, dawa na ujauzito?

Uingereza inataka kipimo cha kifua kikuu kwa watokao nchi zilizoorodheshwa wakikaa zaidi ya miezi sita. Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na tangu 2016 kinadumu maisha yote. Dawa za kila siku zibebwe kwenye vifungashio vyake pamoja na barua ya daktari, na jina la kitaalamu la dawa liangaliwe kabla ya safari: dawa ya kawaida ya maumivu au mafua nchi moja inaweza kuwa marufuku nyingine. Japani ni kali kwa dawa zenye amfetamini hata ukiwa na cheti cha daktari.

Mwenye ujauzito asome masharti ya shirika la ndege. Mengi huishia wiki ya 36 kwa mimba ya mtoto mmoja, mapema zaidi kwa mapacha, na hutaka barua ya daktari. Asome pia sera ya bima: nyingine hazilipi uzazi kwa mimba iliyotangulia tarehe ya kujiunga. Na kuzaa ng'ambo si lazima kumpe mtoto uraia wa huko. Uingereza, kwa mfano, tangu 1983 inaangalia hadhi ya mzazi.

21. Tuna mbwa (au paka).

Anzeni mapema kuliko viza yenu. Umoja wa Ulaya unataka chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa nchi zisizo kwenye orodha yake, damu inapimwa si chini ya siku 30 baada ya chanjo, kisha mnangoja miezi mitatu tangu damu ilipotolewa. Chanjo ikitangulia chipu, haihesabiki.

## Miezi ya mwanzo

22. Anayefuata afanye nini siku za kwanza?

Aende mwenyewe kwenye ofisi. Anayetangulia, kwa nia njema, huchukua kazi zote za karatasi kwa sababu ana lugha au ana muda wa mchana, na baada ya mwaka mwenzake hajui neno la siri la bima wala tarehe kibali chake kinapoisha. Kujiandikisha anwani (Ujerumani ni ndani ya wiki mbili tangu kuhamia), kufungua akaunti, kutafuta daktari: afanye hata kwa kubabaika. Aanze pia mara moja kuomba vyeti vyake vitambuliwe, kwa sababu kazi zenye leseni kama uuguzi, ualimu na sheria zinachukua muda mrefu.

Na awe na sehemu moja kila wiki anakokwenda bila mwenzake.

23. Nyumba tuitafute kabla ya kufika?

Makazi ya muda ndiyo. Ya kudumu hapana, na amana isitumwe kwa nyumba ambayo hakuna mtu wenu aliyeingia ndani. Jueni kikomo cha kisheria: Ujerumani amana haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za ziada, na mpangaji anaweza kuilipa kwa awamu tatu; England, kwa nyumba nyingi, haizidi kodi ya wiki tano. Jina la anayefuata liwemo kwenye mkataba.

## Hali zisizo za kawaida

24. Tukiachana, viza yangu inakuwaje?

Kibali cha utegemezi kwa kawaida husimama juu ya uhusiano, na ukivunjika unatakiwa kutoa taarifa, kisha kuondoka au kuomba hadhi nyingine. Lakini kuna ngazi za kukanyaga. Kwa wenza wa raia wa Umoja wa Ulaya wanaoishi nchi nyingine ya Umoja, agizo la 2004/38 linalinda haki ya kubaki pale ndoa ilipodumu angalau miaka mitatu hadi shauri la talaka linapofunguliwa, mwaka mmoja wapo ukiwa katika nchi hiyo, kwa masharti ya kazi au kipato. Marekani, mwenye kadi ya masharti (swali la 7) aliyetalikiwa anaweza kuomba peke yake akithibitisha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli. Muone wakili wa uhamiaji kabla ya kuhama nyumba, au siku ile ile.

25. Mwenzangu ananipiga, au anatishia kunifutia viza. Nifanyeje?

Kwanza, hana uwezo wa kufuta viza kwa neno lake. Anaweza kutoa taarifa. Uamuzi ni wa serikali. Pili, nchi kadhaa zimeweka njia kwa hali hii hasa. Marekani inamruhusu mwenza aliyenyanyaswa na raia au mkaazi wa kudumu kuomba ukaazi kwa siri, bila mnyanyasaji kujulishwa, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1994. Uingereza ina utaratibu wa ukaazi kwa waathirika wa ukatili wa nyumbani walioingia kwa viza ya mwenza, pamoja na ruhusa ya muda ya kupata msaada wa umma. Kanada ina kibali cha muda kwa waathirika wa ukatili wa kifamilia. Kushikiliwa pasipoti na mwenza ni jambo la kuripoti polisi, na ubalozi wako unaweza kutoa hati ya safari. Weka nakala za hati zako kwenye barua pepe ambayo yeye haijui.

26. Naweza kuondoka na watoto wangu?

Kwenda: kama mzazi wa pili hasafiri, beba ridhaa yake ya maandishi iliyothibitishwa, au amri ya mahakama. Hii inahusu pia mtoto wa uhusiano wa zamani.

Kurudi ndiko kunakowashangaza watu. Mtoto akishaishi ng'ambo na kuwa na makazi ya kawaida huko, mzazi mmoja kumrudisha nyumbani bila ridhaa ya mwenzake kunaweza kuhesabiwa utekaji chini ya Mkataba wa Hague wa 1980, wenye nchi wanachama zaidi ya 100. Haijalishi kwamba mama ni mwenyeji wa huko anakorudi. Anayefuata alijue hili kabla ya kupanda ndege ya kwanza.

27. Ndoa yetu ilifungwa kwa simu, au kwa wakili aliyemwakilisha mmoja wetu. Inatambulika?

Kanada haiitambui kwa uhamiaji tangu Juni 2015, ikiwa mmoja hakuwepo. Marekani inaitambua pale tu mume na mke walipokutana kimwili baada ya ndoa. Njia nyepesi ni kufunga ndoa ya kiserikali mkiwa wote chumba kimoja.

28. Mume ana wake wawili. Wote wanaweza kwenda?

Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, Uingereza, Marekani na Kanada, hapana. Mke mmoja tu ndiye anaweza kuingia kama mwenza. Agizo la Ulaya la 2003/86 linasema wazi kwamba mke akishaishi huko na mume, mwingine hatapewa kibali cha kuungana na familia. Msiandike "hajaoa" kwenye fomu ili kurahisisha (swali la 12). Kwa Marekani na Kanada, ndoa ya mitala inaweza kukwamisha hata ombi la mume mwenyewe, kwa hiyo hili ni la wakili tangu siku ya kwanza.

29. Mali yetu inafuata sheria ya nchi gani?

Si lazima iwe ile mliyofungia ndoa. Katika nchi 18 za Umoja wa Ulaya zinazofuata kanuni ya 2016/1103, kwa ndoa zilizofungwa tangu tarehe 29 Januari 2019 bila makubaliano, sheria ya mali ni kwa kawaida ya nchi ya kwanza mliyoishi pamoja baada ya ndoa. Uswisi inakwenda mbali zaidi: mkihamia huko, sheria yake ya mali inawashika hata kwa miaka iliyopita tangu ndoa, isipokuwa mmekubaliana vingine kwa maandishi. Mirathi nayo, katika nchi nyingi za Umoja tangu Agosti 17, 2015, hufuata sheria ya mahali marehemu alipokuwa akiishi, kama hakuchagua kwenye wosia sheria ya uraia wake.

Wosia ulioandikwa nyumbani upitiwe upya na mwanasheria anayezijua nchi zote mbili. Kama mna nyumba au kiwanja mlikotoka, andikeni pia hati ya uwakilishi kwa mtu atakayesimamia huko, yenye kikomo cha muda na orodha ya mambo anayoruhusiwa kufanya. Kuuza kusiwemo.